Wa Kwetu, Saa Tatu na Robo

Ndugu zetu, majirani, watumishi wenzake marehemu mliokuja na makoti meupe mkononi kwa sababu zamu inawasubiri, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, familia imenipa mimi, binti wa kaka yake, kazi ya kuwasomea maisha ya shangazi yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Jicho. Historia hii ina kurasa nne, alinisimulia mwenyewe miezi mitano iliyopita nami nikaandika, akaikagua kwa ile kalamu yake nyekundu mnayoijua, na juu ya ukurasa wa kwanza akaongeza agizo moja, kwamba mtu asiruke ukurasa wa tatu. Jana kwenye kikao wapo wakubwa zangu waliotaka turuke, wakasema marehemu hasemwi ila kwa mema, nami nikawajibu kwamba huyu anajisema mwenyewe, na kwa jinsi tulivyomjua, nani kati yetu aliwahi kubishana naye akashinda?

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1941, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya zahanati ya stesheni, akiwa mtoto wa tatu na kitindamimba, kaka yake akiwa ni marehemu baba yangu, na dada yake akiwa ni shangazi mkunga, aliyetutangulia mwaka 2003. Baba yao, yaani babu yetu, aliajiriwa kwenye zahanati hiyo tarehe 1 Aprili 1931 kuwa mwosha chupa, na alipendezwa sana na tarehe hiyo, akisema kuwa ilikuwa siku ya wajinga na yeye aliingia mjinga akatoka mtaalamu. Daktari wa zamani aliyemwajiri alikuwa amemwoa binti wa daktari aliyemtangulia, na aliyekuja kumrithi alikuwa mtoto wa dada yake, kwa hiyo babu alijifunza mapema kwamba udaktari, kama ugali wa moto, unapitishwa kwa mkono wa aliye karibu, na macho ya daktari yalipoanza kufifia, ni babu aliyefundishwa kupaka damu kwenye kioo, kuitia rangi na kutafuta vimelea kwa hadubini, kazi iliyokuwa haimo kabisa kwenye barua yake ya ajira.

Babu naye hakuufunga mlango nyuma yake, akamwingiza shemeji yake kuwa mfunga vidonda, shemeji akapanda hadi akawa mtoa dawa, na watoto watatu wa babu wakakua wakijua harufu ya spiriti kabla ya kujua harufu ya chaki. Msicheke, ndivyo tiba ilivyoingia kwetu, shule za tiba hazikuwepo, vitabu vilikuwa viwili na kimoja hakikuwa na jalada, na aliyejua kitu alimfundisha mtoto wake kwa sababu ndiye aliyekuwa naye mezani. Marehemu alipokuwa na miaka minane, babu alileta nyumbani vioo vilivyovunjika pembe, akawa anamfundisha kupaka damu ya kuku aliyechinjwa kwa ajili ya mboga, na mama yake akalalamika mpaka akachoka kwamba katika nyumba hii hata kitoweo lazima kipimwe kwanza.

Marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1949, akaendelea na shule ya kati na sekondari hadi mwaka 1960, mwaka 1961 akachaguliwa kujiunga na mafunzo ya wasaidizi wa maabara, na akahitimu mwezi Novemba 1963 akiwa msichana pekee katika darasa la watu kumi na wanne. Mwalimu wake mmoja aliandika kwenye ripoti kwamba ana jicho moja zuri, kwa sababu alipotazama hadubini alifumba la kushoto kwa nguvu mpaka shavu likapanda, na kutoka hapo wanafunzi wenzake wakamwita Jicho, jina likamshika hadi leo hii.

Tarehe 2 Januari 1964 aliripoti kazini katika hospitali ya wilaya, akapewa chumba chenye dirisha moja la mashariki, meza ndefu iliyoungua kwa tindikali, sinki lenye bomba linalodondoka, na hadubini moja yenye kioo kidogo chini yake cha kukamata mwanga wa jua, naye alijifunza kuugeuza mkao wake kadiri jua linavyopanda, na wingu likipita alilitukana, polepole, matusi ya heshima. Kwenye mlango palikuwa na kitundu cha kupitishia karatasi za vipimo, na ndani yake mkebe wa bati, karatasi zikiingia zinapangwa, ya kwanza inapimwa kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria.

Lakini ukoo wetu ulikuwa na sheria yake. Kufikia mwaka huo baba yangu alikuwa tabibu kwenye chumba cha wagonjwa wa nje, shangazi mkunga alikuwa wodi ya wazazi, mjomba wao, yule shemeji wa babu, alikuwa dirisha la dawa, na tarehe 10 Septemba 1966, siku ya Jumamosi, marehemu alifunga ndoa na karani wa masjala wa hospitali hiyohiyo, mtu mtaratibu aliyeweza kulipata jalada lolote isipokuwa cheti chake mwenyewe cha ndoa, ambacho hadi anafariki mwaka 2009 hakuwa amekipata. Watu walikuwa wakisema kwa utani kwamba katika hospitali ile mgonjwa anaweza kuzaliwa, kupimwa, kutibiwa na kufunguliwa jalada bila kutoka nje ya ukoo mmoja, nasi tuliusikia utani ule kama sifa, na kwa kweli tulivimba vichwa.

Na ndani ya sheria hiyo palikuwa na maneno mawili. Akija ndugu, au jirani wa ndugu, au mtu aliyewahi kulala nyumbani kwetu siku moja, baba yangu au shangazi mkunga aliandika kwa penseli kwenye pembe ya juu ya karatasi: wa kwetu. Marehemu akiona maneno hayo anaitoa karatasi chini ya mkebe na kuiweka juu, kisha anaendelea na kazi, na katika miaka kumi hakuna aliyeuliza, kwa sababu nani atauliza, waulizaji wote walikuwa wa kwetu.

Mungu aliwajalia watoto watatu, binti wa kwanza mwaka 1967, ambaye ni mwalimu wa hisabati, mtoto wa kiume mwaka 1970, ambaye ni fundi umeme, na binti wa mwisho mwaka 1979, ambaye nitamrudia.

Sasa tumefika ukurasa wa tatu.

Siku ya Jumatatu, tarehe 11 Februari 1974, saa tatu na robo asubuhi, ilipita kwenye kitundu karatasi ya mtoto wa miaka minne na miezi miwili, binti wa mama fundi cherehani aliyekuwa akishonea kwenye baraza mkabala na lango la hospitali, mtoto aliyeletwa akiwa na homa kali na degedege, na mganga wa zamu alikuwa anasubiri jibu, kwa kuwa siku hizo sindano ya kwinini ilikuwa haba na amri ilikuwa kwamba haitolewi bila karatasi ya maabara. Damu ya mtoto huyo ilikuwa imeshapakwa, imeshakauka, imeshatiwa rangi, imebaki kuwekwa chini ya hadubini tu. Hapo ikaja karatasi nyingine yenye penseli pembeni, kutoka kwa baba yangu. Marehemu akakisogeza kando kile kioo cha damu ya mtoto, akaanza kazi ya yule wa kwetu tangu mwanzo, kukausha, kutia rangi, kuosha, kusubiri, na kabla hajamaliza zikaja tatu nyingine, mbili kutoka wodi ya wazazi na moja kutoka dirisha la dawa, zote za kwetu, kisha wingu likakaa kwenye jua kwa muda mrefu, na kile kioo kikabaki pale kando, kikavu, kikisubiri.

Alikiweka chini ya hadubini saa sita kasoro dakika tano, na hakuhitaji kutafuta, vimelea vilikuwa vimejaa kila alipotazama, akainuka na karatasi mkononi akakimbia mwenyewe, yeye ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia, akavuka ua, akaingia wodini, akamkuta muuguzi anakunja shuka, na mama fundi amekaa kwenye benchi na viatu vidogo mapajani. Mtoto alikuwa amefariki robo saa iliyopita.

Na yule wa kwetu wa kwanza, aliyemruka mtoto huyo kwenye foleni, alikuwa na miaka saba, hakuwa na malaria hata chembe, alikuwa na mafindofindo, alipewa maji ya chumvi ya kusukutua na kesho yake alikuwa anaruka kamba. Mtoto huyo ndiye anayewasomea.

Jioni hiyo ukoo ulikaa, na baba yangu, Mungu amrehemu, alimsihi dada yake anyamaze, kwamba mkebe hauna shahidi, kwamba mtoto pengine angekufa hata hivyo, kwamba akisema ataangusha watu wanne na nyumba tatu, na mwishowe akamwambia kwamba yaliyopita si ndwele, wagange yajayo. Marehemu akamjibu kwamba huo ni msemo wa watu wasiofanya kazi ya kupima, kwa mpimaji yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, na asipoiandika kwenye karatasi hakuna wa kuiganga. Asubuhi alikwenda kwa mganga mkuu akaeleza yote kwa mdomo na kwa maandishi, akajitaja yeye peke yake, akapewa onyo kali, na kupanda kwake cheo kukasimama miaka sita. Baba yangu hakumsalimia kwa muda wa mwaka mmoja na miezi mitatu, na sisi watoto tukawa tunapitisha salamu kwa siri kama tunavusha magendo.

Siku ya tatu alikwenda kwa mama fundi, akasimama mbele ya cherehani, akamwambia yote bila kupunguza, kioo, penseli, saa, na hata mafindofindo yangu. Mama fundi hakuinua macho, alishona mshono mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, kisha akasema kwamba amesikia, na kwamba arudi kazini, foleni inamsubiri. Hayo tu.

Marehemu alirudi. Akaenda masjala, akamwomba mumewe jalada la mtoto yule, akatoa karatasi ya vipimo, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: wa kwetu, saa tatu na robo. Mumewe, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuruhusu mtu aandike kitu kwenye jalada lililofungwa, alitazama dirishani mpaka mkewe akamaliza. Na tangu siku hiyo, kila karatasi iliyopita kwenye kile kitundu, ya tajiri, ya mfungwa, ya mpita njia, ya mtu aliyeokotwa sokoni hajulikani jina, aliiandika pembeni wa kwetu, na mbele yake saa iliyofika. Ndugu walipoona penseli yao imemezwa na wino wake walinuna, wakamwambia kwamba akiwafanya wote kuwa wa kwetu basi sisi tumekuwa si kitu, akawajibu kwamba sasa wameanza kuelewa. Aliyezidiwa alitangulia, wengine walifuata saa. Baba yangu alianza kuyaandika maneno hayo kwenye kila karatasi yake kwa kejeli, akaendelea kwa mazoea, na siku moja ya mwezi Mei 1975 alijikuta anamsahihisha tabibu mgeni aliyesahau kuandika, wakatazamana na dada yake kupitia kwenye kitundu, wakacheka mpaka foleni ikagonga mlango.

Mwaka 1978, mwezi Agosti, mama fundi alikuja na mtoto wake mwingine, mwenye homa, akapewa karatasi aipeleke maabara. Alipoifikisha, marehemu aliipokea, akaandika, akaigeuza ili mwenyewe aione. Mama fundi aliisoma, akauliza kama zote zinaandikwa hivyo, akaonyeshwa mkebe mzima, akazipekua moja baada ya nyingine kama mtu anayekagua mishono, kisha akaenda kukaa kwenye benchi akasubiri zamu yake, na mtoto alipona. Huo ndio mwisho wa ukurasa wa tatu, nao nimeusoma wote.

Mwaka 1981 marehemu alihamishiwa chuo cha mafundi wa maabara akiwa mkufunzi, akafundisha hapo miaka kumi na mitano hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 1996, na wanafunzi wanasema kwamba somo lake la kwanza halikuwa hadubini wala rangi, lilikuwa ni jinsi ya kuandika pembe ya karatasi. Binti yake wa mwisho alipoomba nafasi chuoni hapo mwaka 1997, wakufunzi wa zamani walimwalika mama akae kwenye usaili, akakataa, akakaa nje na wazazi wengine juu ya benchi, akila karanga, na binti alipofeli walirudi nyumbani kwa miguu, na walipofika mlangoni mama akamwambia kwamba hajawahi kusikia mtu amekufa kwa kurudia mtihani, ila aliyekufa kwa upendeleo anamjua. Binti alirudia mwaka uliofuata akafaulu, leo ni fundi wa maabara wa kuaminika, na ana maringo kwa sababu hakuna awezaye kumwambia amebebwa.

Kuhusu ugonjwa wake, sehemu niliyoiongeza mwenyewe, marehemu alianza kuishiwa nguvu mwishoni mwa mwaka 2019, ikagundulika kuwa damu yake haitengenezwi sawasawa kwenye mifupa, akacheka sana, akasema damu imelipiza kisasi kwa vile alivyoichungulia miaka thelathini na miwili. Alitibiwa hapa kwa uangalifu mkubwa, na tarehe 6 Juni 2022, siku ya Jumatatu, alihamishiwa hospitali ya rufaa, mbali na hapa, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1931, ukoo wetu ulisimama kwenye korido ya hospitali ambayo hatumjui mtu hata mmoja. Niseme ukweli, mimi ni mfamasia, nilitoa simu yangu, nikaanza kutafuta nani anamjua nani, shemeji wa nani, aliyesoma na nani. Shangazi, aliyekuwa hana nguvu ya kuinua kikombe, alinyoosha mkono akaifunika simu kwa kiganja chake, nikairudisha mkobani, tukakaa kwenye benchi nyuma ya watu kumi na mmoja.

Zamu yake ilipofika, kijana fundi wa maabara, ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake, alimtoa damu, akabandika kitambulisho kwenye chupa, akaandika kitu pembeni mwa karatasi, nami nikainama nikasoma: wa kwetu, saa nne kasoro dakika kumi. Nilishtuka, nikadhani yupo ndugu aliyepiga simu nisiyoijua, nikamuuliza kama anamfahamu huyu mama, akasema hapana, samahani sana, hamfahamu, kila karatasi inaandikwa hivyo, ndivyo walivyofundishwa chuoni, na mwalimu wake alifundishwa na mwalimu wake, yeye binafsi anadhani ni kanuni ya wizara. Shangazi aliomba aione ile karatasi. Aliishika kwa muda, akafumba jicho la kushoto kama anavyofanya, akaitazama vizuri. Kisha akamuuliza kijana kama wale waliokuwa mbele yake wote wamemalizwa, akaambiwa ndiyo, wote, akarudisha karatasi na kusema haya, endelea.

Madaktari walifanya kila lililowezekana, lakini Mungu alikuwa na saa yake, na marehemu alifariki dunia siku ya Jumapili, tarehe 19 Juni 2022, saa nne na nusu asubuhi, jua likiwa limeshaingia dirishani, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, vitukuu wawili, na ukoo mwingine ambao hatukuujua ukubwa wake mpaka jana na leo tulipoona mnashuka kwenye magari kutoka hospitali ambazo wengine hatujawahi kuzisikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote mbili, na yule kijana wa maabara ambaye hatukuuliza jina lake, majirani walioleta viti na sufuria bila kuombwa, wanafunzi wake wa miaka yote, na watumishi wa hospitali ya wilaya walioosha kile chumba cha zamani na kukifungua wazi leo kwa heshima yake. Na tunamshukuru mama fundi, aliyeketi hapa mbele, kwa sababu jana wakati wakubwa zangu wanabishana juu ya ukurasa wa tatu, yeye aliingia na fimbo yake, akasikiliza, akasema usomwe wote, kwa kuwa mtoto wake hajawahi kusomewa historia na hiyo ndiyo pekee aliyo nayo. Aliniomba niongeze kwamba binti yake alikuwa ameshajua kutia uzi kwenye sindano, tena kwa haraka kuliko mama yake, nami nimeongeza. Karatasi yake ya vipimo, yenye wino mwekundu pembeni, tumeikuta ndani ya mkoba wa marehemu, na baada ya kusoma hapa ninaikabidhi kwa mama yake.

Shangazi, waliokuwa mbele yako wamemalizwa wote, sasa ni zamu yako, na mimi niliyeruka foleni nikiwa na mafindofindo nimesimama nyuma yako nasubiri saa yangu. Pumzika kwa amani, wa kwetu.